MUHULA MMOJA UHOLANZI: Kanga ya mama yamtoa jasho binti wa Kariakoo

Ukitaja Ulaya pale kijiweni, kila mtu anageuka mtaalamu. Huyu atakwambia kule pesa zinaokotwa, yule atakwambia kule ukianguka barabarani watu wanakuruka kama gogo. Ukiwauliza vizuri, wote wawili hawajavuka Chalinze. Safu yenu wiki hii imeona imtafute mtu aliyekwenda kweli, tena hakwenda kubeba boksi, kaenda kusoma. Kakaa muhula mmoja, karudi, na hadithi yake si ya kujidai.

Ni binti wa Kariakoo. Mwaka 2022 alikuwa na miaka 22, mwanafunzi wa ubunifu wa vitambaa katika chuo kimoja hapa Dar. Mama yake anauza kanga na vitenge, na ndiye aliyemsomesha tangu vidudu. Jina lake kaniomba nilihifadhi, maana anasema mtaa una maneno na yeye bado anaishi mtaani. Sisi tumwite dada yetu, inatosha.

Muhula wake aliupata mji wa Eindhoven, kusini mwa Uholanzi. Wapenzi wa soka hapo masikio yamesimama. Naam, ndiko iliko PSV, timu ya Romário na baadaye Ronaldo yule wa Brazil. Hizo herufi PSV maana yake ni klabu ya michezo ya Philips, ile kampuni ya balbu na redio iliyoanzia mji huohuo mwaka 1891. Mji mzima ulikuwa unakula kwa Philips. Kampuni ilipohamisha shughuli zake, majengo ya viwanda yakabaki wazi. Wenzetu hawakuyaacha yawe magofu. Wameyajaza wabunifu, karakana na shule. Kiwanda cha balbu cha zamani katikati ya mji, jengo jeupe wanaloliita De Witte Dame, leo ndiyo makao ya chuo maarufu cha Design Academy Eindhoven. Na kila Oktoba mji unafanya maonyesho ya dizaini siku tisa mfululizo, watu wanajaa kama Sabasaba.

PESA INATOKA WAPI?

Swali la kwanza la Mbongo yeyote ni hilo, na wala si dhambi kuuliza. Dada yetu hakuuza kiwanja cha mtu. Alipita mpango wa Erasmus+, unaogharimiwa na Umoja wa Ulaya. Mpango huu ulianza mwaka 1987 na nchi 11 tu, ukiwa na wanafunzi 3,200 hivi, tena Wazungu kwa Wazungu. Siku hizi mlango umefunguliwa hadi kwa vyuo vya Afrika. Chuo chako kikiwa na makubaliano na chuo cha kule, unakwenda kwa muhula au mwaka, ada ya kule hulipi, nauli unachangiwa, na unapewa posho ya kujikimu. Kwa mtu anayetoka huku posho ni kati ya euro 800 na 900 kwa mwezi, kutegemea nchi unayokwenda.

Mtu akisikia euro 800 anaanza kupiga hesabu za shilingi na kuona kashinda bahati nasibu. Ngoja kwanza. Chumba kinamega karibu nusu yake, wakati mwingine zaidi. Bima ya afya unalipa. Chakula unalipa. Na dizaini si somo la daftari na kalamu. Vitambaa, rangi, mbao, karatasi nene, vyote vinatoka mfukoni. Dada yetu anasema wiki ya mwisho wa mwezi alikuwa anakula mkate kwa siagi, na chembechembe za chokoleti juu yake. Usimcheke. Hicho ni chakula halali cha Waholanzi, hata watu wazima wanakula asubuhi na mchana. Mtu na tai yake, mchana anafungua kijaluba anatoa mkate mkavu. Wali wa mchana husahau.

Ugali je? Upo. Waholanzi walitawala Suriname mpaka mwaka 1975, na watu wengi wa huko walihamia Uholanzi. Maduka yao na ya Waafrika yanauza unga wa mahindi, mihogo, ndizi za kupika na pilipili za kukutoa machozi. Bei yake, anasema, inakufanya uusonge ugali kwa adabu.

KUPATA CHUMBA NI USAILI

Kasheshe ya kwanza ilikuwa chumba. Uholanzi ina uhaba mkubwa wa vyumba vya wanafunzi, na matapeli wamelijua hilo. Anakutumia picha ya chumba kizuri, anataka amana kabla hujafika, ukifika namba ya nyumba haipo. Dada yetu aliponea chupuchupu kwa sababu mama yake alikataa katakata kutuma hela. "Mwanangu, mimi hata kanga silipii kabla sijaikunjua," alimwambia kwenye simu.

Alipofika akakuta jambo jipya. Wanafunzi wanaoishi nyumba moja wakiwa na chumba kitupu wanaita watu, tuseme kumi, jioni moja. Mnakaa sebuleni, mnanyweshwa chai au bia, mnaulizwa maswali: unapika nini, unalala saa ngapi, unacheka au umenuna? Wakishaondoka wageni, wenye nyumba wanapiga kura. Yaani usaili wa kupanga! Huku kwetu mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita tu, uso wako haumhusu. Dada yetu alishindwa mara tatu. Ya nne alikwenda na maandazi ya kukaanga mwenyewe. Kura zote zikamwangukia.

Halafu ikaja baiskeli. Kule baiskeli haina uhusiano na umaskini, profesa anaendesha, mama mwenye watoto wawili anaendesha, na mvua inanyesha. Usiku bila taa polisi wanakuandikia faini. Na ukiifunga ovyo, asubuhi hukuti kitu, wezi wa baiskeli wapo wengi tu. Kilichomwumiza zaidi ni upepo. Nchi yenyewe tambarare kama meza, hakuna mlima wa kuuzuia. Desemba jua linachomoza saa tatu kasorobo asubuhi, saa kumi na nusu jioni limeshazama. "Nilikuwa natoka gizani narudi gizani," anasema, "siku nyingine najiuliza hivi leo kumekucha kweli?"

MWALIMU HAAMKIWI SHIKAMOO

Sasa tuingie darasani, maana ndiko mkasa uliko.

Siku ya kwanza dada yetu alimwita mwalimu wake "madamu" na kusimama. Yule mama akacheka, akamwambia amwite jina lake tu, lile alilopewa na wazazi wake. Mtu wa miaka 60! Anasema wiki mbili nzima alikuwa akikwepa kumwita kwa namna yoyote, anakohoa tu kidogo mpaka mwalimu ageuke.

La pili ni kukosoana. Kila baada ya wiki kadhaa unasimama mbele ya darasa, kazi yako umeibandika ukutani, na wenzako wote wanaisema. Waholanzi hawana kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Rangi hizi zimenichosha." "Hii niliiona mwaka jana." "Sielewi kwa nini umefanya." Huku kwetu mtu akikwambia hivyo mbele za watu, mmegombana. Kule jioni yake huyohuyo anakukaribisha kahawa, wala hana habari. Dada yetu mara ya kwanza alilia chooni. Mara ya tatu akagundua kwamba hawamsemi yeye, wanaisema kazi. Na swali linalorudi kila mara ni moja: kwa nini? Kwa nini duara na si pembe? Kwa nini pamba? "Imependeza" si jibu.

Walipelekwa Utrecht kuiona nyumba aliyoichora Gerrit Rietveld mwaka 1924, ambayo tangu mwaka 2000 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Huyu Rietveld alikuwa mtoto wa seremala, kalelewa katika vumbi la mbao karakanani kwa baba yake. Mwaka 1918 alibuni kiti cha vipande vya mbao vya kawaida, vilivyokatwa kwa vipimo vya sokoni ili kiwe rahisi kutengeneza. Baadaye akakipaka nyekundu, bluu, njano na nyeusi. Leo kiti hicho kimo katika makumbusho makubwa na vitabu vya shule. Dada yetu alikitazama, akawakumbuka mafundi wa Keko. Mbao zilezile, misumari na randa zilezile. Tofauti aliyoiona ni kwamba kile kiti kina jina la aliyekibuni, na mtu kaandika kwa nini alikibuni vile. Cha Keko kikishapakiwa kwenye mkokoteni, basi, fundi kasahaulika.

NANI KAICHORA HII?

Wazo hilo halijapoa, likaja lenyewe darasani. Mwalimu alitoa kazi ya muhula: kila mmoja alete kitu cha kwao ambacho kila mtu anakitumia na hakuna anayekitazama. Mwenzao mmoja alileta kijiko cha mbao. Dada yetu akafungua begi, akatoa kanga aliyofungiwa na mama yake siku ya safari.

Akaieleza vizuri. Hili ni pindo, linazunguka pande zote. Huu katikati ni mji. Haya maandishi ndiyo jina, yaani ujumbe. Zinauzwa mbili mbili, doti. Mwanamke anazaliwa anapokelewa na kanga, anaolewa na kanga, anazikwa na kanga. Darasa kimya. Mwalimu akauliza: "Nani kaichora?"

Dada yetu hakuwa na jibu. Usiku ule akampigia mama.

"Shikamoo mama. Hii kanga uliyonipa, nani kaichora?"

"Marahaba. Kanga haina mchoraji, mwanangu. Kanga ina mwenye duka."

Mama hata hivyo hakulala na swali. Kesho yake alipita Mtaa wa Uhuru duka kwa duka. Akaambiwa sampuli zinatoka kiwandani, nyingine za hapa nchini, nyingine India. Maneno wakati mwingine wanachagua wenye maduka, wakati mwingine wateja. Mchoraji? Watu walimshangaa. Mmoja alimwuliza kama anadai pesa.

Huku nyuma mwalimu alikuwa amefukua mambo ya kwao. Akamwonyesha picha za kanga za zamani sana, zenye maandishi ya herufi za Kiarabu, zilizochapwa hukohuko Uholanzi! Msomaji, usishtuke. Mji wa Helmond, kituo cha jirani kwa treni kutoka Eindhoven, una kiwanda cha akina Van Vlissingen kilichoanza mwaka 1846, ambacho leo ndicho Vlisco, wale wa vitenge vya bei mbaya. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, kiwanda hicho na vingine vya Uholanzi vilichapa kanga kwa ajili ya pwani yetu. Wafanyabiashara wa Unguja na Mombasa walipeleka maagizo na maneno, Mzungu akachapa, meli ikarudi na mzigo. Yapo majina ya wafanyabiashara yanayokumbukwa mpaka leo, kama Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye alama yake ya "Mali ya Abdulla" bibi zetu wanaijua. Kiwanda chetu cha Urafiki kilifunguliwa mwaka 1968, karibu karne nzima baada ya kanga kuanza. Kwa hiyo jina la mwenye kiwanda lipo, na la mfanyabiashara lipo. Mkono uliochora pindo ndio hauna mwenyewe.

"Nilikasirika," dada yetu ananiambia. "Nikasema nitachora yangu."

Kulikuwa na kikwazo. Kuchapa kulifundishwa katika karakana ambayo haikuwemo kwenye orodha ya masomo aliyokubaliana na chuo chake cha nyumbani. Ilibidi aache somo moja la kuchora aingie karakanani. Chuo cha kule kikasema sawa. Akaandika barua pepe kwa chuo chake huku Dar kuomba ridhaa. Wiki ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Akachukua ule kimya kuwa ni ndiyo. Shika hapo, tutarudi.

Kanga aliyoichapa pindo lake ni mnyororo wa baiskeli. Mji wake ni balbu, kwa heshima ya Eindhoven, lakini kazipinda zikakaa mithili ya zile korosho tunazozijua kwenye kanga. Jina lake: NIMEKUJA KUSOMA SIKUJA KUSAHAU. Na pembeni kabisa mwa pindo, kwa herufi ndogo, kaweka jina lake mwenyewe.

Siku ya kukosolewa kijana mmoja akamwambia maneno yameandikwa mahali ambapo aliyevaa hawezi kuyasoma. Dada yetu akamjibu hapohapo: "Kanga haisomwi na aliyeivaa. Inasomwa na jirani." Darasa zima likaangua kicheko, mwalimu akaandika kitu kwenye daftari lake. Alipata alama ya juu kuliko zote za muhula ule.

"ZAMIA BWANA!"

Januari ikafika. Sasa simu zikaanza kumiminika kutoka Bongo, na hazikuwa za kumpongeza. "We, usirudi! Zamia bwana! Watu wanakufa baharini kuitafuta nafasi hiyo, wewe uko ndani unataka kutoka?" Mjomba mmoja alimwambia akirudi ni laana.

Nilimwuliza kama alitamani. Alisema ndiyo, siku tatu. Alipiga hesabu. Mwanafunzi kutoka nje ya Ulaya anaruhusiwa kufanya kazi saa 16 tu kwa wiki, tena mwajiri awe amekuombea kibali. Kibali cha masomo kikiisha, hata hizo 16 huna. Unabaki kuosha vyombo jikoni kwa kujificha, unakimbia ukiona sare. Halafu kuna wenzako. Chuo kikipeleka watu wakatokomea, makubaliano yanakuwa mashakani, na ubalozini mwombaji wa mwakani anatazamwa kama mzamiaji mtarajiwa. "Niliyemwachia nafasi darasani ni rafiki yangu," anasema. "Ningemfungia mlango." Alirudi. Rafiki yake alikwenda muhula uliofuata.

HESABU YA KURUDI

Ningependa nikuambie kwamba alipokelewa kwa vigelegele. Alipokelewa na mama, kwa vigelegele kweli. Chuoni ilikuwa hadithi nyingine.

Muhula mzima Ulaya unahesabiwa alama 30, na mwaka ni 60. Dada yetu alizileta zote 30. Chuo kikapekua karatasi. Kuna mkataba wa masomo, unaosainiwa na watu watatu: mwanafunzi, chuo kinachompeleka na chuo kinachompokea. Mle ndani somo la kuchora lipo, karakana ya kuchapa haipo, na sahihi ya mabadiliko haipo. Barua pepe zake akazionyesha. Jibu likawa fupi: hakuna aliyejibu, basi hakuna aliyekubali. Somo lile la kuchora hufundishwa mara moja kwa mwaka. Wenzake wakavaa majoho, yeye akarudi darasani kulisoma peke yake na wadogo zake. Ada ya mwaka huo mama aliitoa kwenye upatu, zamu aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya paa.

Kazi iliyompa heshima kule ndiyo iliyomkwaza huku. Nilimwuliza kama anajuta. Alikaa kimya kidogo. Akasema anajutia ile sahihi tu, na paa la mama.

Leo amemaliza. Ameanza kuuza michoro ya kanga kwa wenye maduka, na miwili imeshachapwa. Ukipita Kariakoo huenda umeiona. Jina lake hulikuti. Mwenye duka alilifuta, akamwambia, "Binti, watu wananunua maneno, hawanunui jina lako." Dada yetu anasema mchoro wa tatu hautoki mkononi mwake bila jina, hata likiwa dogo kama punje ya mchele. Mama, ambaye ni mfanyabiashara, anaona mwanawe atalala njaa. Wawili hao wanabishana kila jioni, na mimi niliwaacha wakiendelea.

WEWE UNAYETAKA KWENDA

Kabla sijaweka kalamu chini, haya ndiyo aliyoniagiza niwafikishie vijana wenzetu.

Kwanza, Erasmus+ ya namna hii haiombwi kwa wakala wa mtaani. Nenda ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo chako, uliza wana makubaliano na vyuo gani. Atakayekudai hela ya "fomu ya Erasmus" ni mwizi.

Pili, mkataba wa masomo uuelewe neno kwa neno. Ukibadilisha somo, usiondoke mlangoni bila sahihi za pande zote. Kimya cha ofisi si ndiyo.

Tatu, chumba usikilipie kwa picha.

Nne, beba kitu cha kwenu ambacho unaweza kukieleza kwa saa nzima. Wao wana viti vyao, na wanavijua vilikotoka. Kabla hujapanda ndege, pita kwa mama, kwa bibi au kwa fundi wa Keko, umwulize: hiki nani alikibuni, na kwa nini? Ukikosa jibu, hiyo ndiyo kazi yako ya muhula.

Na tano, anasema, jifunze kukaanga maandazi.